Siku Kumi za Mbwa Asiyebweka

Mbwa yule nilimchukua kwa hasira. Watu wakinisikia nikisimulia habari zake hudhani nilimwonea huruma tangu mwanzo, lakini sikuwa mtu wa kuhurumia mbwa. Kwetu Nyabiondo, kwenye milima ya Masisi, mbwa alikuwa mlinzi wa shamba. Alibwekea nguruwe-mwitu waliokuja kuchimbua mihogo, alilala nje, na alikula kilichobaki, kama kilibaki. Mimi nilikuwa mke kijana wa kantonye, mmoja wa wale wafanyakazi waliotengeneza barabara ya serikali kwa jembe na chepeo. Tulikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka mitano. Wengine wawili nilikuwa nimewazika kabla hawajajua kutembea.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu wakati tulipopata habari kwamba mume wa wifi yangu amefariki kule Itebero, ndani ya msitu wa Walikale. Alikuwa mwindaji. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukamwacha mtoto kwa mama mkwe, tukatembea siku nne. Mtu wa milimani akiingia msituni anaona kama amefunikwa chungu kichwani. Hakuna mbali, hakuna jua, na kila kitu kinatona maji. Nilifika kwenye matanga miguu imevimba na moyo umechafuka.

Nyuma ya jiko la marehemu nilimkuta mbwa amelala. Alikuwa mdogo, mwekundu, miguu na kifua vyeupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Kwenye paji la uso alikuwa na mikunjo ya mtu anayefikiri jambo zito. Shingoni alivaa kengele ya mti. Mbavu zake zote zilihesabika. Watu walipita na masahani ya nyama na ndizi karibu na pua yake, na hakuna aliyemtupia hata mfupa.

Nikamuuliza mzee mmoja, ndugu ya marehemu, mbwa huyo ni wa nani.

"Njo imbwa ya marehemu," akasema. "Nguruwe ilimuua mwenye ye, na yeye akarudia hapa muzima, peke yake. Tulisikia kengele tu. Imbwa ya namna ile, batu habamupatie chakula."

"Munamuua na njaa?"

"Hapana, mama. Hatumuue. Tunamuacha tu."

Jibu hilo lilinichoma. Mtu aseme nampiga, nitamwelewa. Aseme namuua, nitamwelewa pia. Lakini kukaa ukila mbele ya kiumbe mpaka afe, halafu useme hukumgusa, hapo nilishindwa. Nikamwambia mzee kwamba huko kwetu hata mchawi hupewa maji. Mume wangu alinikanyaga mguu. Mzee hakukasirika. Alisema kwa upole, "Mama, mwenye atamulisha, njo atakuwa mwenye ye."

Nikachukua ndizi ya kuchemsha kutoka kwenye jani langu, nikaiweka kwenye kiganja, nikachuchumaa. Mbwa alinitazama muda mrefu, akainuka kwa shida, akala kutoka mkononi bila kunigusa na meno. Basi nikawa na mbwa.

Wifi yangu alinifundisha alichoweza, maana wanaume hawakutaka kusema nami tena. Alisema mbwa wa namna hii ni wa msituni tangu zamani, wa kuwinda na nyavu. Wanaume wanatega nyavu upande mmoja, mbwa wanafukuza wanyama kutoka upande mwingine. Kwa kuwa mbwa hawa hawabweki, wanavishwa kengele ili bwana wao ajue walipo. Nikamuuliza kama hawabweki kweli. Akasema hata siku moja. Ndiyo hayo tu niliyoyajua kuhusu kabila lile la mbwa wakati nilipompandisha milimani, kamba mkononi, mume wangu ametangulia hatua hamsini ili wasafiri wengine wasidhani tuko pamoja.

Nyabiondo walicheka mpaka wakakaa chini. Mbwa alikuwa akijilamba miguu na uso kila asubuhi, na jirani mmoja aliuliza kama kule Walikale paka wanazaliwa wakubwa hivyo. Mvua ikinyesha hakutoka nje kwa lolote. Alisimama mlangoni mwa jiko, akanyoosha mguu mmoja, akauona umelowa, akaurudisha. Nguruwe-mwitu walipoingia shambani aliwatazama kwa utulivu. Mama mkwe alitangaza kwamba mnyama asiyebweka hana kazi, na kwamba jikoni mwake hataingia akiwa yeye yuko hai, lakini mbwa akaingia tu. Binti yangu, yeye, alimpenda mara moja. Alimfunga majani kichwani, akamlisha mihogo yake, akamweleza mambo marefu ambayo sisi wakubwa hatukuruhusiwa kuyasikia.

Tulikaa naye hivyo miezi mitano. Alinenepa. Mimi nilianza kumzoea, nikamvua kengele kwa sababu ilinisumbua. Sikumpa jina. Kwetu mbwa aliitwa mbwa.

Halafu kichaa cha mbwa kikaja. Mbwa mmoja asiyejulikana alishuka kutoka kilima cha pili, mate yanamtoka, akauma mbuzi, akauma mbwa wawili, akamuuma kaka mkubwa wa kapita wetu. Kapita ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji mbele ya serikali. Mzee yule aliyeumwa alikaa karibu mwezi na nusu akiwa mzima, analima, anatania watu. Kisha akaanza kuumwa koo. Nilimpelekea mboga ya sombe siku ya tatu ya ugonjwa wake, na nilimwona wakimpa maji. Kikombe kilipofika karibu na mdomo, shingo yake yote ilikakamaa, akakisukuma, huku akilia kwa kiu. Alikufa kesho yake. Tangu hapo kila mtu wa Nyabiondo alijua dalili mbili. Mbwa mwenye kichaa anapoteza sauti, tena anaogopa maji.

Msomaji ameshaona balaa linatokea wapi. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimeshazoea mbwa asiye na sauti na anayekimbia mvua, na sikufikiri kwamba jirani zangu wanamhesabu. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Wiki moja baada ya yule mbwa mgeni kupita, wetu alirudi asubuhi ana jeraha shingoni. Nililiosha, nikajiambia ni mwiba.

Alimuuma binti yangu siku ya mvua, alasiri. Mtoto alitaka wacheze nje, akamshika mkia, akamvuta kwenye maji ya uwanjani. Mbwa alijishikilia mlangoni kwa kucha. Mtoto akavuta zaidi. Nikasikia kilio kimoja, nikatoka, nikaona damu kwenye mkono wake, juu kidogo ya kifundo. Mbwa alikuwa ameshajificha nyuma ya mafiga.

Nilimfunga mbwa kwa kamba jikoni, nikamwambia mama mkwe asimruhusu mtu kumgusa mpaka nirudi. Hata mimi sikujua kwa nini nilisema hivyo. Niliosha mkono wa mtoto, nikamfunga mgongoni, nikaelekea Mweso kwenye dispanseri. Nililala njiani kwa watu. Nilitembea nikimuuliza mtoto kila baada ya muda kama ana kiu, na akisema ndiyo nilimpa maji, na akimeza nilipumua.

Muganga wa dispanseri alikuwa mtu wa upole, mweusi kama sisi, miwani imefungwa na uzi. Aliosha kidonda upya kwa sabuni, muda mrefu sana, mpaka mtoto akachoka kulia. Aliuliza maswali yote kuhusu mbwa. Nilimwambia na lile la jeraha shingoni. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

"Mama, sikiliza muzuri," akasema. "Dawa ya ile ugonjwa haiko hapa. Iko mbali, na kamio hazipite mu barabara, daraja imekatika. Lakini imbwa yenyewe njo itatuambia. Muifunge, muilishe, muiangalie siku kumi, tangu ile siku iliuma mutoto. Kama siku ya kumi inakula na inakunywa, mutoto iko salama. Kama inakufa ao inageuka, unirudishie mutoto mbio, tutatafuta njia hata ya kumubeba na batu mu kipoyi."

"Na kama banamuua mbele ya siku kumi kutimia?"

Alivua miwani. "Njo hatutajua kitu. Utaangalia mutoto yako miezi na miezi, utangojea."

Nikamfunga mtoto mgongoni tena, nikarudi nikikimbia palipokimbilika. Nilikuwa nimeacha mbwa aliyemuuma mtoto nyuma yangu, katika kijiji kilichozika mtu wa kichaa mwezi uliopita. Njia nzima nilimwomba Mungu alinde mbwa. Katekista wetu angenisikia angenipa kitubio.

Siku ya nne, mchana, nilikuta uwanja wetu umejaa. Kapita alikuwa mbele, na wanaume watano wenye fimbo na mapanga. Mume wangu alisimama pembeni, panga lake mkononi pia. Kwenye mlango wa jiko alikuwa amekaa mama mkwe wangu juu ya kibao chake, jembe limelazwa magotini, anachambua maharagwe.

Aliponiona alisema, "Umechelewa. Batu hawa bananichokesha."

Niliwaeleza maneno ya muganga. Niliyaeleza vizuri, kwa taratibu, nikashangaa sauti yangu mwenyewe. Kapita alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki aonekane mbaya hapa. Alikuwa amemshika kaka yake mabega wakati anakufa.

"Mama wa mutoto," akasema, "ile imbwa iko na wazimu tayari. Haina sauti. Kila mutu hapa anajua."

"Kwao habibweke. Njo kabila yao."

"Kila imbwa inabweka. Basi ibweke mara moja tu, tutaenda."

Tukaingia jikoni. Mbwa alikuwa amekaa kwenye majivu ya pembeni, anatutazama na ile mikunjo yake. Nilimwambia abweke. Nilimpigia makofi, nikamkanyagia chini, nikambwekea mimi mwenyewe mbele ya wanaume wote. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Hapo mtu mmoja alichukua kibuyu cha maji kwenye mtungi wangu, akammwagia. Mbwa aliruka nyuma mpaka kamba ikamkaba, akajibana ukutani, anakung'uta miguu, anatetemeka. Watu wote walisema "Eee" kwa sauti ya chini, na wakarudi nyuma hatua moja.

Niliona wamekwisha kuamua. Nilimtazama mume wangu, yeye akatazama panga lake. Ndipo nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniomba.

"Munipe siku kumi. Zimebaki sita tu. Siku ya kumi na moja, miye mwenyewe nitamuleta kwa kapita, na mukono yangu, mufanye vile munataka. Hata kama iko muzima."

Kapita aliniuliza kama nimesikia nilichosema. Nikasema nimesikia. Mama mkwe akaacha kuchambua maharagwe, akanitazama. Wanaume wakaondoka.

Mume wangu alisubiri uwanja uwe mtupu. "Baba gani anapatia chakula imbwa iliuma mutoto wake?" akaniuliza.

"Baba mwenye anataka kujua."

"Kujua kunasaidia nini? Kama iko ndani ya damu yake, iko ndani."

Alikwenda barabarani bila kula, na siku zile alirudi kila jioni akikwepa kumtazama mtoto usoni, kana kwamba akimtazama ndipo ataugua.

Siku ya tano nilikaa jikoni tangu kucha mpaka giza. Shamba la maharagwe lilikuwa linangoja palizi, likangoja. Nilimpa mbwa bugali, akala. Nilimpa maji kwenye sahani, akanywa, nami nikahesabu kila mlambo wa ulimi. Kisha nilitoka kumpa mtoto maji kwenye kikombe, nikatazama koo lake dogo likipanda na kushuka. Akaniuliza kwa nini namnywesha kama mbuzi wa kuuzwa. Nilimcheka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta.

Ubaya wa siku zile ni kwamba nami nilianza kuamini. Nilimjua mbwa yule miezi mitano tu. Nani alikuwa na uhakika kwamba kunyamaza kwake kwa leo ni kule kule kwa jana? Je, mwanzoni alikimbia maji hivyo, au nakumbuka vibaya? Nilimtazama mpaka kila alichofanya kikawa dalili. Akilala, nilisema amelegea. Akisimama, nilisema hatulii. Akinitazama, nilijiuliza macho ya mwenye kichaa yanakuwaje. Na kila alipokuja kuweka kidevu chake juu ya mguu wangu, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga kelele, vyote kwa pamoja, na mkono ulibaki hewani.

Siku ya sita hakula.

Niliweka bugali mbele yake asubuhi, akainusa, akageuka. Nikaweka maharagwe. Nikaweka kipande cha nyama ambacho mume wangu alipewa barabarani, nyama ambayo sisi wenyewe hatukuionja mwezi ule. Akailamba kwa adabu, akaiacha. Nilichuchumaa pale na kuanza kumbembeleza kama mtoto mgonjwa. Nilimwambia kula, baba. Kula, nakuomba. Nilimwita baba, mbwa. Kufika saa sita nilikuwa nimeshamfunga binti yangu mgongoni tayari kwenda Mweso, nikamfungua, nikamfunga tena. Nilikuwa najua kwamba daraja bado limekatika, kwa kuwa mume wangu mwenyewe alikuwa akilijenga. Niliona tayari shimo la tatu kando ya yale mawili, chini ya mgomba. Niliona hata urefu wake.

Mume wangu aliporudi mapema siku hiyo kwa sababu ya mvua, alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni. Aliangalia sahani zilizojaa. Hakusema kwamba alikuwa ameniambia. Aliweka chepeo chini, akapiga magoti na kuweka mikono chini mbele ya mbwa, mtu mzima mwenye matope mpaka mapajani, akaanza kubweka. Alibweka vizuri, kwa kweli, kama mbwa mkubwa wa shamba. Mbwa alimtazama kwa heshima. Nilicheka, kicheko kikageuka, tukalia wote wawili pale sakafuni bila kuoneana haya. Ni mara ya pekee katika maisha yetu.

Mama mkwe alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni, akakunja pindo la kikwembe chake kiunoni, akalikunjua.

"Miye njo nilimupa chakula," akasema. "Asubuhi, mbele muamuke. Bugali na samaki ya kukauka. Jana usiku pia."

Nilikaa. "Mama, na siku nzima unaniona nalia?"

"Niliona haya. Miye njo nilisema imbwa haitaingia mu jiko yangu."

Ningemla mzima mzima. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe, na aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaenda kuwasha moto. Lakini niliweza kupumua tena. Siku ya saba mbwa alikula chakula cha watu wawili.

Siku ya nane na ya tisa watu walikuja kuchungulia. Walisimama mbali, wakauliza kama amebweka, wakaondoka. Wanawake wenzangu waliacha kupitia uwanjani kwetu kwenda kisimani. Mtoto hakuruhusiwa kukaribia jiko, akawa anakaa nje ya ukuta na kuzungumza na mbwa kupitia tundu la udongo, akimweleza ni nani kapigana na nani. Nilimsikia akimwomba msamaha kwa kumvuta mkia.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Watu wengine walikuwa kwenye sala. Nilipika bugali, nikaiweka kwenye sahani, nikaweka maji kwenye sahani ya pili. Mume wangu alisimama nyuma yangu, mama mkwe nyuma yake. Mbwa alikula yote. Alikunywa maji mpaka nusu, akajilamba mguu wa kulia, akajilamba wa kushoto, akajikunja akalala. Mume wangu alitoka nje, akamnyanyua binti yetu mabegani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi akamtazama usoni. Nilingoja furaha ije. Ilikuja tu uchovu, nikakaa pale pale kando ya mbwa mpaka watu wakarudi kutoka kwenye sala.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja mama mkwe alisema kwa mara ya kwanza, "Umuache tu. Kapita atasema, atachoka." Mume wangu alijibu kwamba neno limesemwa mbele ya watu, na kwamba mbwa aliyeonja damu ya mtoto hakai kwenye nyumba ya mtoto. Hakusema kwa ukali. Waliningoja mimi. Nilifikiri kumrudisha Itebero, siku nne, nikaona wale watu na masahani yao wakipita mbele ya pua yake. Nilifikiri kwenda kumwomba kapita, nikaona kaka yake akisukuma kikombe. Hizo ni sababu, na nimezitumia miaka mingi. Lakini ukweli ninaouandika hapa ni kwamba nilikuwa nimechoka kumtazama. Kwa siku kumi uso ule ulikuwa kifo cha mwanangu, na ingawa haukuwa kifo tena, macho yangu hayakujua namna nyingine ya kuuona. Nilitaka uondoke mbele yangu.

Nikamfungua kamba kwenye nguzo, nikamwongoza. Alikuja bila shida, mkia umejikunja, anatembea kwa madaha njia nzima, kwa kuwa siku kumi hakuwa ameona jua. Alinitazama mara kwa mara ili ajue tunapita wapi.

Kapita alikuwa uwanjani kwake na wale wanaume watano. Walishangaa kuniona. Nadhani walidhani sitakuja, na nadhani wangefurahi nisingekuja. Nilimpa mmoja wao kamba, nikageuka, nikaanza kuondoka. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa mitete ndipo mbwa akatoa sauti.

Haikuwa kubweka. Ilikuwa sauti ndefu, yenye kupanda na kushuka, karibu na wimbo wa mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya bonde. Sikuwa nimewahi kuisikia, na sikujua kwamba anayo. Ilijaza uwanja wote, kisha ikakatika, kisha akaitoa tena, na nilijua bila kugeuka kwamba ananiita mimi.

Nyuma yangu hakuna fimbo iliyosogea. Halafu nikamsikia kapita akisema, polepole, "Kumbe iko na sauti." Akaniita. "Mama wa mutoto. Iko na sauti. Unasema nini?"

Walikuwa wananingojea. Ilihitajika neno moja, na siku ile kapita angelipokea, alikuwa analiomba. Nilisimama. Nilitaka mtu mwingine aliseme, mmoja wa wale wanaume, au kapita mwenyewe. Hakuna aliyelisema, kwa kuwa mbwa alikuwa wangu. Mimi niliyegombana na wazee wa Itebero kwenye matanga yao sikufungua mdomo. Nikaendelea kutembea, na sikusikia sauti ile mara ya tatu.

Nyumbani nilimkuta binti yangu anakula maharagwe. Aliniomba maji, nikampa, akayanywa yote, na sikumtazama akimeza.